Rejeta ya Kwenda Kalemie

Divine na Patient, nawaandikia nyinyi wawili kwa sababu ndio mliobaki na funguo za gereji, na kwa sababu siku ya mwisho mliponiletea keki nilishindwa kusema lolote la maana. Nilisema merci, nikala keki, nikaenda kupanda tramu. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja tangu ana nywele zote kichwani hakupaswa kuaga hivyo. Sasa nina muda. Pensheni ni muda mwingi na kahawa nyingi, na mke wangu ameshaniomba zaidi ya mara moja nitafute shughuli nje ya jiko lake.

Habari za mshahara na vyeo sitaziandika. Kwenye gereji ya watu wanne, cheo ni kujua leo nani ana zamu ya kusafisha choo. Nitaandika habari za rejeta, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua, na habari za patron Gustave, bosi wangu, ambaye nyinyi mmemwona kwenye picha tu, ile iliyotundikwa juu ya kompresa.

Nilifika Brussels kutoka Uvira kama walivyofika wengi wetu, vita nyuma na begi moja mkononi. Nilikuwa fundi tayari, tena fundi mwenye maringo. Mama mmoja tuliyesali naye Saint-Gilles akaniambia kule Molenbeek, karibu na mfereji, kuna mzee wa Kibelgiji anayetengeneza magari ya quatre-quatre, yale ya kuvuta magurudumu yote manne, ya kupelekwa Afrika, na kwamba mzee huyo anasema Kiswahili. La magari nililiamini. La Kiswahili nilienda kulihakikisha mwenyewe.

Nikamkuta amelala chini ya gari, viatu tu vinaonekana.

"Jambo, patron. Natafuta kazi."

"Weye njo fundi?" Sauti ikatoka chini ya injini. "Fundi ya kweli ao fundi ya maneno?"

Alizaliwa Kalemie, kusini ya Uvira kwenye ziwa lile lile, baba yake akiwa fundi wa reli enzi za wakoloni, na aliondoka huko akiwa bado anavaa kaptula. Kiswahili chake kilibaki katika umri ule ule. Alizungumza kama mtoto wa bwana mkubwa aliyezoea kutuma watu: leta, shika, angalia, hapana vile. Miezi ya kwanza jambo hilo lilinikera sana, na sitawadanganya, kuna siku nilitaka kumrudishia spana yake kifuani. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa na Kiswahili kingine. Hicho ndicho alichopewa, na alikitunza.

Siku ile ile ya kwanza alinipa mtihani. Kulikuwa na gari la kupelekwa Lubumbashi, na mwenyewe alilalamika kuwa linachemka. "Utafanya nini?" akaniuliza. Nikafanya kile ambacho kila fundi wa Uvira angefanya: nikafungua themostati, nikaitupa kwenye pipa la takataka. Themostati ni kile kizibo kidogo chenye springi kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kwetu tuliamini ni kitu cha Wazungu na baridi yao. Gari likiingia tu kutoka Ulaya, tunakitoa, na mteja anatushukuru.

Patron hakunifokea. Aliinama, akakiokota, akakipangusa kwa shati, akakitia kwenye sufuria ndogo ya maji juu ya jiko la kahawa. "Angalia," akasema, akaenda zake. Nikasimama pale kama anayesubiri ugali. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kizibo kikajifungua chenyewe, taratibu. Nilipozima moto, kikajifunga.

"Unaona? Ile ni mulango," akasema aliporudi. "Kwenu kuko joto. Weye unatoaka mulango ya nyumba ju kuko joto?"

"Hapana, patron."

"Bon. Rudisha. Kitu haukuweka weye, usitoe mbio-mbio."

Saa sita mchana akachemsha mayai mawili katika sufuria ile ile, moja lake, moja langu. Nilipata kazi.

Mengine niliyojifunza kwake mnayajua, kwa sababu nimewachosha nayo. Rejeta ya gari la nchi ya joto usiinunue kwa kuangalia ukubwa wake. Tulikuwa tunayeyusha risasi ya kulehemu kwenye vichwa vya ile ya zamani kwa moto wa gesi, tunatoa moyo wake, tunatia moyo wa shaba wenye safu nyingi zaidi za mirija. Lakini vile vibati vya katikati ya mirija tuliviacha na nafasi, kwa sababu vikibanana sana, mbegu za majani na vumbi la barabara vinaziba kila kitu, na rejeta kubwa iliyoziba ni ukuta tu. Shaba, wala si alumini, kwa sababu shaba fundi yeyote wa kijijini anailehemu kwa mkaa. Kile kizingo cha plastiki kinachozunguka feni, ambacho mafundi wenye haraka hukiacha sakafuni, lazima kirudi mahali pake, la sivyo feni inapepea injini badala ya kuvuta hewa kwenye rejeta. Mwisho unaziba matundu yote, unapuliza hewa, unazamisha rejeta kwenye beseni, unatafuta mapovu. Ni kama tyubu ya baiskeli. Kila mtoto anaijua kazi hiyo, na bado wapo mafundi wenye diploma wanaoiruka.

Shida moja hatukuwa na dawa yake. Tunatengeneza gari la joto, na Brussels haina joto. Utajuaje kama rejeta itahimili barabara ya Moba, na wewe uko Molenbeek, mvua inanyesha tangu juzi? Patron alikuwa na njia yake, na sijaiona mahali pengine. Tuliiita carton. Tunachukua katoni ya friji, tunaikata, tunaziba nayo sehemu kubwa ya uso wa rejeta ili hewa baridi isipite. Tunapakia mifuko ya mchanga nyuma. Kisha tunapanda kule juu Koekelberg, kwenye basilika, gia ya kwanza na ya pili, tunazunguka, tunashuka, tunapanda tena, macho yote kwenye mshale wa joto.

Mshale ukiukaribia mstari mwekundu, patron anapiga kelele: "Fungua moto!"

Maana yake ni chauffage, kile kipasha joto cha ndani ya gari. Dereva yeyote wa kwetu anaijua hila hiyo: injini ikitaka kuchemka, unafungua chauffage mpaka mwisho, na joto la injini linaingia ndani kwa abiria. Injini inapona, abiria wanaiva. Na patron alikataa katakata kufungua madirisha. Alisema anataka kuisikiliza injini. Kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tunazunguka basilika mwezi wa kwanza, theluji pembeni ya njia, tumevua makoti, tumevua sweta, tumebaki na singlendi, jasho linatutiririka mpaka kwenye mkanda wa suruali.

Siku moja polisi akatusimamisha. Aliangalia katoni, akaangalia mchanga, akatuangalia sisi. Akauliza kwa Kifaransa tunaelekea wapi hivyo. Patron akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba tunaenda Kalemie. Polisi akafikiri kidogo, akasema basi tuwashe taa.

Ndani ya joto lile patron alikuwa mtu mwingine. Alinisimulia mabati ya paa la kwao yalivyolia mchana jua likiyapiga. Alinisimulia ngazi ya chuma ya nyumba ya reli, ambayo ukiikalia saa nane inakuchoma mapaja. Alinisimulia Feza, mama aliyemlea, aliyemwagia maji kichwani kwa kopo huku akimkemea. Gari lilipopoa, alivaa sweta, akarudi kuwa Mbelgiji.

Sasa nifike kwenye gari lenyewe. Lile la rangi ya maziwa, mlilolijua mkidhani ni la mteja aliyesahau kuja kulichukua, lilikuwa lake. Alilinunua kwa mapadre waliorudi kutoka misheni. Mpango ulikuwa huu: gari lipande meli Antwerp mpaka Dar es Salaam, sisi twende kwa ndege tukalipokee, tuvuke Tanzania kwa barabara mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma livushwe ziwa mpaka Kalemie. Mimi dereva, yeye msemaji. Akishaona nyumba ya reli, akishaonyeshwa kaburi la Feza kama lipo, yeye atarudi kwa ndege, na mimi nitapeleka gari Uvira kwa dada yangu Riziki. Dada ni muuguzi. Zahanati yake ilikuwa inabeba wagonjwa kwa pikipiki. Patron alimwahidi gari kwa simu, kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi tukaanza kulitengeneza. Kwanza rejeta ya safu tatu. Tukapima kwa carton, mshale ukapanda. Mwaka uliofuata, safu nne. Kisha feni kubwa zaidi. Kisha tukatoboa matundu kwenye boneti ili joto litoke juu. Kila msimu wa kusafiri ulipokaribia, patron alipata kasoro. Wakati mwingine sababu ilikuwa kweli: vita vilikuwa vimerudi, au mimi nilikuwa bado nasubiri pasipoti, au goti lake lilimsumbua. Lakini mara nyingi ilikuwa ni mshale tu.

Riziki akanipigia. "Kaka, ile gari yenu inakuya na miguu?"

"Tunaweka radiateur ya nguvu, dada. Ju ya joto."

"Joto? Miye niko ku joto toka nizaliwe, sijawekaka radiateur."

Nilicheka. Ningemsikiliza vizuri, nisingecheka.

Ikaja siku moja mwezi wa tatu. Tulikuwa tumefunga rejeta ya mwisho, ile ambayo Divine baadaye uliipiga picha ukasema ni nzuri kupita gari. Tukaweka katoni, tukaongeza mchanga, tukapanda basilika, tukazunguka, tukapanda tena. Mshale ukafika katikati, ukakaa hapo. Tukaziba katoni zaidi. Ukakaa. Nikazunguka mpaka nikaona kizunguzungu. Haukutikisika.

"Patron, tumeshinda!" nikasema. "Tunaweza kuenda!"

Nilitegemea atashangilia. Alikuwa amekaa na sweta yake mwilini, kwa sababu siku hiyo hatukuwa na haja ya kufungua moto, na ndani ya gari kulikuwa na ubaridi. Akatazama nje. Nikamwona jinsi alivyozeeka.

"Kashindi," akasema, "nikifika kule, na hakuna muntu ananijua?"

"Miye nitakuwa nakujua, patron."

"Weye ni wa Uvira," akasema, akacheka kidogo. Halafu akasema turudi gereji, kuna kitu bado.

Kitu hicho kilikuwa chauffage. Alisema mipira yake ya maji inapita nyuma ya injini, mahali pabaya, na ndiyo hupasuka kwanza. Ikipasuka kati ya Tabora na Kigoma nani atatusaidia? Sasa rejeta inatosha yenyewe, chauffage haina kazi. "Toa yote. Ziba. Kule baridi ya nini?" Kifundi alikuwa sahihi. Magari mengi yanayoundwa kwa ajili ya nchi za joto hayana kabisa kitu hicho. Lakini huyu alikuwa ndiye mtu aliyeniwekea themostati kwenye sufuria ya mayai. Nilifungua mdomo nimkumbushe habari ya mlango na nyumba. Halafu nikaufunga. Patron ni patron, na nilidhani hiki ndicho kikwazo cha mwisho, nikikitoa tutaondoka. Nikatoa chauffage, nikakata mipira, nikaziba tundu la dashibodi kwa kipande cha bati. Nilikifunga kile kipasha joto kwenye gunia, nikakiweka rafu ya juu.

Hatukuondoka. Kabla ya mwaka kwisha patron alianguka bafuni kwake, na mguu haukurudi kuwa mguu. Binti yake, anayeishi mji wa Gand, akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee kule Koekelberg, dirisha lake likitazama basilika. Gereji ikachukuliwa na mpwa wake, mnayemjua, mtu mzuri anayejua sana kompyuta. Sheria za moshi za jiji nazo zikakaza, na dizeli kuukuu kama ile haikuruhusiwa tena kutembea mjini. Gari likakaa kona, limefunikwa.

Nilimtembelea kila Jumapili baada ya misa. Kifaransa kilianza kumtoka. Kiholanzi, ambacho alikisoma shule, kilishatoka zamani. Kilichobaki ni Kiswahili chake cha kaptula, na bahati yake nzuri wahudumu wawili pale walikuwa wa Kivu. Mmoja, maman Espérance wa Bukavu, alimwita papa Gustave na kumkaripia kama mama Feza alivyofanya, na yeye alitii.

Jumapili moja ya mwezi wa pili akaniuliza: "Gari iko wapi?"

"Iko gereji, patron."

"Leta."

Nikalipia ruhusa ya siku moja ya jiji, nikabadilisha betri, nikalileta. Maman Espérance akamvalisha kofia na blanketi, akanikazia macho. "Tonton, unamurudisha mbele ya dix-sept heures, saa kumi na moja. Na asisikie baridi, eh? Mapafu yake haiko muzuri."

"Haina shida, maman."

Tukampandisha. Akapapasa dashibodi kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Tukashuka mpaka mfereji, tukageuka, tukaanza kupanda ile njia yetu. Kulikuwa na ukungu na mvua nyembamba. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto, namwonyesha mahali polisi alipotusimamisha, naye anaitikia kwa kichwa.

Halafu akasema, polepole: "Kashindi. Fungua moto."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe mahali palipokuwa na kile kishikio. Ukakuta bati.

"Patron, chauffage haiko."

"Eko wapi?"

"Tuliitoa."

"Nani alitoa?"

"Sisi. Weye na miye."

Akalitazama lile bati muda mrefu. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nikasimamisha gari pembeni, nikavua koti langu, nikamfunika juu ya blanketi, nikaishika mikono yake na kuisugua. Ilikuwa baridi sana. Mbele yetu kulikuwa na injini nzima inayonguruma, na rejeta bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, inachukua joto lote lile na kulimwaga nje, kwenye mvua ya Koekelberg. Nimetengeneza magari mengi, lakini sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu kama nilivyoichukia saa ile.

"Turudi, patron," nikamwambia.

"Mushale?" akauliza.

Nikautazama. "Iko katikati. Haitikisike."

"Bon," akasema, akafumba macho. "Basi tuko tayari."

Nilimrudisha mapema. Maman Espérance alimgusa mkono, akanitazama, akamwingiza ndani haraka, na ningeona afadhali angenitukana. Patron alikufa kabla majira ya baridi hayajaisha. Mapafu, walisema. Binti yake aliniambia nisijilaumu, mzee alikuwa anaumwa kabla ya siku ile, na najua ni kweli. Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni ile miaka. Tangu ile rejeta ya kwanza, ya safu tatu, gari lile lingefika Kalemie. Lingechemka mara mbili tatu, tungesimama kivulini, tungefungua boneti, tungemwaga maji, watu wangekuja kutushangaa, na patron angeongea nao mpaka injini ipoe. Ndivyo magari yanavyosafiri kwetu. Tulikuwa tunatibu ugonjwa ambao ungempatia marafiki.

Binti yake alinipa gari. Kama mnavyojua, liko tayari kwenda Antwerp, na litakwenda kwa Riziki njia ya Uvira itakapofunguka, kwa sababu sasa hivi imefungwa na vita, na sijui ni nani wa kulaumiwa kwa kuchelewa safari hii. Dada hatanii tena habari ya miguu. Anauliza tu, "Habari ya gari?" kisha tunaongea mengine.

Sasa, Divine. Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya keki, ulinikuta nimeinama chini ya dashibodi ya gari lile, nimeshusha gunia kutoka rafuni. Ulinishikia taa. Ukaona ninachofunga, ukashangaa.

"Papa Kashindi, gari inaenda Uvira. Chauffage ya nini tena?"

Nilikwambia unipe spana ya dix, ile namba kumi, na ukanipa, na tukamaliza kazi. Nilifungua moto kupima. Ulikuwa unapuliza vizuri. Nilikaa mle ndani na madirisha yamefungwa mpaka nikatoka jasho, na nyinyi mkafikiri mzee ana huzuni ya pensheni.

Nimeandika haya yote ili nikujibu. Mteja akikwambia utoe kitu kwenye gari lake kwa sababu huko anakokwenda hakihitajiki, muulize kwanza anaondoka siku gani. Akikosa siku ya kukutajia, kiache kitu chake mahali pake, kwa sababu atakuwa bado yuko hapa, na hapa kuna baridi.